Muulize Injinia: Zege limeshamwagwa, nondo nani aliziona?

Mwezi huu nilikuwa nimeandaa maswali ya mapaa na mashimo ya choo, ila barua zenu zimeniamulia jambo lingine. Huku Kanda ya Ziwa ukizunguka kidogo tu unakuta jengo la afya linaongezwa, wodi inapandishwa ghorofa, kituo kinakuwa hospitali, na watu wanauliza vitu vya msingi kabisa ambavyo nadhani walitakiwa kujibiwa palepale saiti. Barua nyingine nimezifupisha na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo injinia. Mimi ni muuguzi, wodi yetu ipo kwenye jengo la zamani lenye ghorofa moja. Tumeambiwa zinaongezwa ghorofa mbili juu ili vitanda viongezeke, na sisi tutaendelea na kazi chini huku wao wanajenga juu. Nilimuuliza msimamizi wao akanijibu dada usiogope, hizo nguzo ni nene. Unene unatosha kweli? Maana zamu ya usiku nabaki mimi na wagonjwa wangu. (Muuguzi, Nyakato)

JIBU: Marahaba dada yangu, na umeuliza swali ambalo mimi ningependa kila mfanyakazi wa hospitali aulize. Hapana, unene hautoshi. Nguzo inaweza kuwa na upana wa sentimita 40 alafu ndani ina nondo nne nyembamba tu, na hata kama nondo zipo za kutosha bado hujajua chini imekalia nini.

Ngoja tupige hesabu pamoja ya nguzo moja ya katikati. Tuseme nguzo zimepishana mita 6 kila upande, maana yake nguzo hiyo inabeba eneo la mita za mraba 36 kwa kila sakafu. Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo slabu peke yake ni kama tani 13. Weka mzigo wa watu, vitanda, makabati na mashine, ambao kwa wodi tunahesabu kilo 200 kwa mita ya mraba (nyumba ya kuishi ni 150), unapata tani 7 nyingine. Hapo ni tani 20 na bado hatujagusa bimu, kuta, plasta, vigae wala nguzo yenyewe. Ghorofa mbili ni tani 40 na ushee zinaongezeka kwenye nguzo moja, na zote zinashuka mpaka kwenye kitako cha msingi ambacho mtu alikichimba miaka hiyo akiwa na jengo dogo kichwani. Na usisahau tenki juu ya paa, maana simtanki la lita 10,000 likijaa ni tani 10, watu wanaliona jepesi kwa sababu ni plastiki.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha kitu mhandisi wa miundo anatakiwa atafute michoro ya zamani, na kama haipo (mara nyingi haipo, imeliwa na mchwa au imeondoka na mtu aliyestaafu) afukue vitako vya nguzo kadhaa avione kwa macho na avipime, apime udongo ulio chini yake, atoboe vipande vya zege kwenye nguzo na bimu vikavunjwe maabara, na apitishe kile kifaa kinachosoma nondo ndani ya zege ziko ngapi na zina unene gani. Baada ya hapo ndo anakaa kupiga hesabu. Majibu yakionyesha nguzo haziwezi, zipo njia, unaweza kuivalisha nguzo koti la zege na nondo mpya, unaweza kupanua kitako, lakini ni kazi ya vumbi na kelele na inafanyika wodi ikiwa tupu. Mimi binafsi nikiulizwa, kama kiwanja kipo nashauri wajenge jengo jipya pembeni waliunganishe na korido, kuliko kupandisha mzigo juu ya wagonjwa waliolala.

Na hata hesabu zikikubali, siku ya kumwaga slabu ya juu wagonjwa wa chini yake wahamishwe. Zege bichi lina tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo na siku hiyo linakuwa limebebwa na mirunda iliyosimama juu ya paa lenu la zamani. Kamuulize huyo msimamizi swali moja tu, kwa upole: nani amepiga hesabu, na namba yake ya usajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni ngapi? Kama mtu yupo namba inatajwa, na orodha ya wahandisi waliosajiliwa siyo siri, bodi ipo kwa sheria ya mwaka 1997 na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuuliza.

SWALI: Mwangaluka mwanangu. Huku kwetu Mwanza ni mawe matupu, mtoto akichimba shimo la goroli anakutana na jiwe. Kuna mradi wa jengo la hospitali jirani na kwangu, wameleta mashine ya kutoboa ardhi iko pale wiki ya pili sasa. Si wangejenga tu juu ya mwamba, hela zinatoboa nini? (Mzee wa Igogo)

JIBU: Mwangaluka mzee wangu, na shikamoo. Hili nalipenda kwa sababu ni la kwetu kabisa. Mzee, jiwe na mwamba siyo kitu kimoja. Angalia lile Jiwe la Bismarck pale ziwani, mawe yamepandana, moja limekaa juu ya lingine kama limewekwa na mtu. Sasa hayo ni yanayoonekana, chini ya udongo huku milimani yapo mengine mengi hivohivo yamezama, jiwe la ukubwa wa daladala limelala ndani ya udongo laini uliotokana na granite iliyooza. Ukichimba msingi mita mbili ukaligonga na sururu linalia ngaa, unasema tumefika mwambani, kumbe chini yake kuna udongo.

Ndo maana ile mashine ikifika kwenye jiwe haisimami. Inaendelea kukata ndani ya jiwe, kawaida tunataka walau mita 3 mfululizo za jiwe zima ndo tuamini ni mwamba. Ukipata nafasi sogea uombe kuona yale maboksi ya mbao wanayopanga vipande, ni vijiti vya mawe vya mviringo vimelazwa kwa mfuatano na kila mita imeandikwa. Ukiona vijiti vizima vya mita moja na nusu, alafu pengo, alafu udongo wa njano uliomong'onyoka, hapo mashine imepita kwenye jiwe lililolala ikatokea upande wa pili. Jengo ukiliweka nguzo moja juu ya jiwe hilo na nyingine juu ya udongo, nguzo moja inabaki pale pale na nyingine inashuka kidogo kidogo kila mwaka, na ukuta wa katikati ndo unalipa.

Tena wewe unaujua udongo kuliko vijana wengi wa chuo. Wazee wa Kisukuma waliupa udongo majina kwa jinsi unavyoshuka kutoka mlimani, luseni ule wa kichanga kwenye miteremko, mbuga ule mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi mpaka mkono unaingia, na mvua zikija unaumuka kama unga wa mandazi. Kiwanja cha hospitali ni kikubwa, kinaweza kuanzia kwenye mawe kikaishia kwenye mbuga, na huo udongo mweusi ukiumuka unanyanyua sakafu na kupasua kuta bila huruma. Karibu na ziwa nako maji ya chini yanapanda, tuliona wenyewe 2020 ziwa lilivyosogea likaingia kwenye nyumba za watu wa mwaloni. Wiki mbili za kutoboa ni bei ndogo sana mzee wangu.

SWALI: Injinia mambo vipi. Nasuka nondo mwaka wa 11 huu. Juzi tumemaliza kusuka bimu na slabu ya wodi, mikisa iko tayari, kokoto ipo, injinia mshauri katokea saa nne na tepu yake kasema hakuna kumwaga, eti biskuti (vile vipande vya zege vya kuitenga nondo na boksi) hazipo na ringi (nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo kubwa) za kwenye maungio ya nguzo na bimu zimerukwa. Siku ikafa, saidia fundi 20 wamerudi nyumbani mikono mitupu. Hivi mnatuchukuliaje? (Fundi nondo, Igoma)

JIBU: Kaka pole, na nianze na wale vijana 20. Kibarua kukosa hela ya siku kwa sababu ukaguzi haukupangwa siyo haki, mkandarasi alitakiwa kumuita mkaguzi siku moja kabla, nondo zikiwa wazi na mikisa bado haijaletwa. Hapo nasimama na wewe kabisa. Ila kwenye ringi nasimama na mwenye tepu, na nikueleze kwa nini.

Nikiwa bado kijana kazini nilitumwa kusimamia wodi ya ghorofa mbili kwenye wilaya moja ya huku kandokando ya ziwa. Tulikubaliana na mkandarasi kwamba nakuja Jumatatu asubuhi kukagua nguzo 11 za chini. Nimefika Jumatatu nakuta boksi (mbao za kushikilia zege) zimefungwa na zege limeshakauka, wamemwaga Jumapili. Foromani ananiambia mkuu kila kitu kama mchoro ulivyo, karatasi hii hapa, saini tu twende. Gari la ofisi linanisubiri, watu wote wananiangalia, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi, nakwambia ukweli nilikaribia kusaini. Nikaomba tindo na nyundo nikasema tufungue nguzo moja pale chini. Fundi akachimba polepole. Kona ya kwanza nondo ilikuwa imegusa boksi, imefunikwa na ngozi ya saruji nyembamba kama ganda la yai. Tukaenda juu, ringi ya kwanza tuliikuta sentimita 45 kutoka chini wakati mchoro unasema kila sentimita 15. Na pale kwenye mguu wa nguzo, katikati ya zege, kulikuwa na kipande cha mfuko wa saruji kimekunjwa na maranda ya mbao, hawakusafisha kabla ya kumwaga. Nguzo zote 11 zilivunjwa. Mkandarasi alinichukia na nilipigiwa simu na watu wakubwa, lakini zilivunjwa.

Sasa fikiria ile karatasi ningeisaini. Leo ingekuwa kwenye faili na muhuri wangu, na mtu angesema jengo limekaguliwa.

Ringi kaka siyo za kushikilia nondo zisianguke wakati wa kusuka, kama vijana wengi wanavyoambiwaga. Nguzo ikielemewa nondo zinataka kupinda kwenda nje kama fito, ringi ndo zinazibana pamoja na zege la ndani. Na pale nguzo inapokutana na bimu ndo pagumu kusuka, mkono hauingii, nondo zimejaa, ndo maana watu wanaruka, na ndo hapohapo ambapo jengo likitikiswa linapasukia kwanza. Biskuti nazo, ile nafasi ya zege kati ya nondo na nje ndo inazuia kutu na ndo inaipa nondo muda moto ukitokea, na hospitali inaoshwa na maji ya klorini kila siku ya Mungu, klorini ikipata njia ya kuifikia nondo haiiachi. Wewe wa miaka 11 ndo unaweza kuwaambia vijana wako mkono usipoingia waanze na ringi kabla ya kushusha nondo za bimu. Na mkishamaliza piga picha kwa simu, tepu ikionekana, uhifadhi, siku moja itakulinda.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi, kituo chetu cha afya kinapanuliwa kuwa hospitali. Nimeishia darasa la saba. Kwenye vikao tunaletewa mafaili makubwa ya kiingereza tunaambiwa kila kitu kina cheti, tunasaini muhtasari tunaondoka. Nidai karatasi gani mimi? (Mjumbe, Sengerema)

JIBU: Nzuri ndugu mjumbe, na darasa la saba siyo kizuizi, kizuizi ni kunyamaza. Anza na lile bango la mradi pale getini, linataja mshitiri (mwenye mradi), mbunifu majengo, mhandisi wa miundo, mkadiriaji wa gharama, mkandarasi. Hayo majina yawe yaleyale kwenye mihuri ya michoro. Mbunifu na mkadiriaji wana bodi yao, wahandisi wana yao, makandarasi wana yao ambayo inawapanga kwa madaraja kuanzia la kwanza mpaka la saba na kila daraja, ukiacha la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi, kwa hiyo uliza mkandarasi wenu ni daraja la ngapi na kazi hii ni ya shilingi ngapi. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kiwepo, na michoro iwe imepita Zimamoto kabla haijajengwa, siyo baada, maana ngazi ya dharura huwezi kuichomeka jengo likishaisha.

Alafu dai karatasi za kyubu, hizi ndo ningekuomba usiziachie. Siku ya kumwaga zege wanachukua zege lilelile kutoka kwenye mikisa wanajaza maboksi ya chuma ya sentimita 15 kila upande, wanashindilia, kesho yake wanayatoa yale matofali wanayaweka kwenye maji. Mengine yanavunjwa siku ya 7 na mengine siku ya 28. Kama mchoro unasema zege la daraja 25, kyubu ya siku 28 inatakiwa kubeba kama tani 57 kabla haijapasuka, na siku ya 7 tunategemea iwe imefika karibu theluthi mbili ya hapo. Karatasi ya maabara inaandika tarehe ya kumwaga, tarehe ya kuvunja, na ni sehemu gani ya jengo. Wewe angalia tarehe tu. Ukiona jengo lina slabu tatu na karatasi ni za slabu moja, uliza nyingine ziko wapi. Ukiona tarehe ya kumwaga ni siku ambayo wewe unakumbuka saiti ilifungwa kwa msiba, uliza. Na uwepo siku moja wakati kyubu zinajazwa, kwa sababu kuna watu wanapikaga zege zuri pembeni kwa ajili ya kyubu alafu linaloenda kwenye nguzo ni lingine, limeongezwa maji mpaka linatiririka kama uji, kwa sababu jua ni kali na zege gumu linachosha kubeba kwa karai. Kila ndoo ya maji inayoongezwa bila kipimo inapunguza nguvu, hata saruji iwe nzuri kiasi gani.

Hata mifuko ya saruji unaweza kuisoma, namba 32.5 na 42.5 zimeandikwa ubavuni, ilinganishe na kilichoandikwa kwenye mkataba wa kazi ya nguzo na slabu. Mwisho kuna daftari la ukaguzi, kila kabla ya kumwaga pawe na tarehe, saa, sehemu, na saini ya aliyeziona nondo kwa macho. Cheti cha mwisho kinatoka kwenye hilo daftari, na ukipewa cheti daftari hakuna, usisaini muhtasari. Sema tu nimeomba daftari, liandikwe kwenye muhtasari kwamba umeomba.

SWALI: Injinia, jengo jipya la hospitali na la zamani yameacha upenyo kati yao toka chini mpaka juu, wamefunika na bati refu. Mvua si itaingia? Au walikosea vipimo? (Mama wa Buhongwa)

JIBU: Hawajakosea mama, hapo wamefanya vizuri. Jengo la zamani limeshakaa kwenye ardhi yake miaka na miaka, limeshashuka kadiri ya kushuka. Jipya bado litashuka kidogo miaka ya mwanzo, na yote mawili yanatanuka na kusinyaa na joto. Ukiyagandisha pamoja lazima mahali papasuke. Upenyo huo unajazwa kitu laini na kufunikwa kwa namna ambayo kila upande unatembea wenyewe, na maji yanazuiwa na hilo bati pamoja na mpira wa ndani. Kitu cha kuangalia ni fundi vigae asije akapitisha kigae kimoja juu ya upenyo, kitapasuka ndani ya mwaka na vitanda vya magurudumu vitakuwa vinakwama hapo.

SWALI: Wanataka kuhamishia siti skani ghorofa ya pili kwenye chumba kilichokuwa ofisi. Inawezekana? (Mtaalamu wa mionzi, Mwanza mjini)

JIBU: Inawezekana kama ilihesabiwa, kwa ofisi ya kawaida usikubali kabla hujaona hesabu. Ile mashine inafika tani 2 hivi zimekaa sehemu ndogo ya sakafu, alafu kuna risasi kwenye kuta na mlango, bati la risasi la milimita 2 ni kilo 22 na ushee kwa kila mita ya mraba. Wapige pia hesabu ya njia itakayopita siku ya kuipandisha, korido na lifti, watu wanasahauga hiyo. Na sakafu na dari za chumba hicho nazo zinazuia mionzi, kwa hiyo lazima ijulikane nani anakaa juu na chini yake. Tume ya Nguvu za Atomu inatakiwa iwe imeona michoro ya chumba kabla, bila leseni yao mashine haiwashwi. Mimi naipendelea iwe chini kabisa.

SWALI: Kaka injinia, sisi tupo mbali na Japani, kwa nini wanaweka nondo nyingi hospitali kwa ajili ya tetemeko? (Mwanafunzi, Nyegezi)

JIBU: Mdogo wangu, tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi saa tisa na nusu hivi mchana, ng'ambo tu ya ziwa hapo Kagera ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia waliumia, na sekondari za Ihungo na Nyakato (Nyakato ya Bukoba, siyo hii yetu) ziliharibika vibaya. Ziwa letu limekaa katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, haliko mbali na matetemeko kama watu wanavyodhani.

Na hospitali ina hesabu yake. Vitabu vya usanifu vya Ulaya vinavyotumika sehemu nyingi vinataka nguvu ya tetemeko kwa hospitali izidishwe mara 1.4 kuliko jengo la kawaida, kwa sababu nyumba yako ikipasuka unakimbizwa hospitali, hospitali ikipasuka unakimbizwa wapi? Wamarekani walijifunza kwa machungu. Mwaka 1971, mwaka huohuo Bugando yetu inafunguliwa, California kulikuwa na hospitali mpya kabisa inaitwa Olive View. Tarehe 9 Februari tetemeko likapita, nguzo za chini zikavunjika, minara mitatu kati ya minne ya ngazi ikang'oka na kuanguka pembeni. 1973 wakatunga sheria ya hospitali peke yake, jengo lisiishie kutowaangukia watu tu, liendelee kutibu. Wakaijenga upya imara kweli, na 1994 tetemeko lingine likaja, nguzo na kuta zikasimama vizuri, ila mabomba ya maji yakapasuka, maji yakashuka kwenye wodi, na wagonjwa ikabidi watolewe nje.

Hilo la mabomba ndo nataka ulibebe ukiwa mhandisi. Jenereta lifungwe chini kwa bolti, mitungi ya oksijeni ifungwe mnyororo ukutani, tenki lifungwe, mabomba yanapovuka ule upenyo aliouliza mama wa Buhongwa yawekwe kipande kinachonyumbulika. Ni kazi ya siku chache na hela kidogo.

SWALI: Jengo letu limezinduliwa mwaka jana, cheti kiko ukutani ofisini. Sasa kuna nyufa korido ya juu. Tukisema tunaambiwa jengo limeshapitishwa. (Mhudumu wa usafi, Ilemela)

JIBU: Dada, wewe ndo unaziona hizo kuta kila siku kuliko mhandisi yeyote, kwa hiyo wasikunyamazishe. Nyufa nyingi ni za plasta tu, nyembamba kama unywele, zimekaa kama utando wa buibui, hizo hazina shida. Nazoziogopa ni zile zinazokatiza bimu au nguzo, zinazopanda ukutani kimshazari kama ngazi kufuata matofali, na zinazokua. Cheti kinasema jengo lilikuwaje siku ile lilipokaguliwa, ufa wa leo hakijauona.

Na kuna watu waliingia kazini asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 kwenye lile jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, kama siku nyingine yoyote, wakafungua maduka yao, na jengo likawaangukia.

Fanya hivi. Chukua penseli, weka mstari mfupi pale ufa unapoishia kila upande, andika tarehe pembeni yake ukutani. Katikati ya ufa weka sarafu au kadi ya simu pembeni piga picha, ili upana uonekane. Rudi baada ya wiki mbili, na tena mvua zikianza. Ufa ukipita mstari wako wa penseli, au ukaona mlango wa karibu umeanza kugoma kufunga, peleka picha zote mbili kwa mganga mfawidhi kwa maandishi, nakala kwa mhandisi wa halmashauri, na omba aletwe mhandisi wa miundo aliyesajiliwa aje na lile daftari la ukaguzi la siku slabu hiyo ilipomwagwa. Mstari wa penseli usiufute wakati wa usafi, na waambie wenzako wa zamu nyingine wasiufute.